Kuunganisha sola, betri, jenereta na mita za jengo moja: mwongozo kwa mafundi wa Nairobi

Karibu kila mpangaji wa Nairobi amewahi kusimama mbele ya mita gizani, simu ikimulika mkononi, akibofya tarakimu 20 za tokeni. Mita hiyo huenda ilitoka kwa kampuni moja, ya jirani ikatoka kwa nyingine, na mfumo uliouza tokeni ukaandikwa na watu ambao hawajawahi kuonana na watengenezaji hao. Lakini stima inawaka. Inawaka kwa sababu wote walifuata kanuni moja, STS, iliyoanzia Afrika Kusini na ambayo leo ni kiwango cha kimataifa IEC 62055-41. Walikubaliana tarakimu ni ngapi, zinafungwaje na zina maana gani.

Walikubaliana hata juu ya wakati. Tokeni hubeba hesabu ya dakika tangu mwaka 1993, katika nafasi inayotosha dakika 16,777,216 tu, na nafasi hiyo ilikuwa ijae tarehe 24 Novemba 2024. Ndiyo maana mwaka huo tuliombwa kubofya namba mbili ndefu za ziada kabla ya tokeni yenyewe. Mita iliyopewa namba hizo, iwe ya mtengenezaji gani, iliendelea na kazi.

Nimeanza na tokeni kwa sababu kila msomaji anaijua, na kwa sababu ndani ya majengo yetu hali ni kinyume chake. Juu ya paa kuna paneli. Kwenye chumba cha chini kuna inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli na betri uwe kama wa ukutani) ya kampuni moja na betri za kampuni nyingine. Jenereta ina kidhibiti chake, mita za wapangaji ni za mtu wa tatu, pampu ya kisima ina swichi yake. Kila kifaa ni kizuri kikiwa peke yake. Ukivikusanya, havielewani, na mwenye jengo anaambiwa anunue vipya.

Mara nyingi hahitaji kununua vipya. Anahitaji fundi aliye tayari kukaa na namba. Katika kazi hii waya humalizika kwa siku moja au mbili. Maana ya namba zinazopita kwenye waya huo ndiyo inayokula wiki. Mwongozo huu umepangwa hivyo: sehemu za waya ni fupi, sehemu za maana ni ndefu.

Mfano wangu utakuwa mmoja mwanzo hadi mwisho: jengo la nyumba 24, tuseme liko South B, lenye lifti, pampu ya kisima, paneli za kW 30, betri za litiamu, jenereta ya kVA 60, na umeme wa Kenya Power wa fezi tatu, V 415 kati ya fezi na fezi na V 240 kati ya fezi na nyutro.

Kabla ya kushika bisibisi: mipaka

Mita ya Kenya Power na kila kilicho kabla yake si chako. Lakiri haiguswi, tundu la kusomea halichomekwi kitu, hata kama una kebo yake. Ukitaka kupima umeme unaoingia, weka mita yako mwenyewe baada ya ile yao, kwenye bodi kuu. Mita yako itakupa namba kila sekunde, jambo ambalo mita ya kulipia haikuwekwa ili ikufanyie.

Kazi ya sola iliyounganishwa na gridi, yaani mtandao wa umeme wa taifa, inataka fundi mwenye leseni ya EPRA (mamlaka inayosimamia nishati) ya daraja T3, na upande wa nyaya za jengo unataka fundi wa umeme mwenye leseni inayofika fezi tatu. Kama huna mojawapo, shirikiana na aliye nayo tangu siku ya kwanza, asije kuitwa mwishoni kutia sahihi kitu ambacho hakukiona kikijengwa.

Kuhusu kurudisha umeme kwenye gridi: Sheria ya Nishati ya 2019 inamruhusu mteja mwenye mtambo wa nishati jadidifu usiozidi MW 1 kuingia mkataba na msambazaji, umeme anaoutoa ukahesabiwa dhidi ya anaotumia. Usipokuwa na mkataba huo, panga mtambo usivushe hata kidogo kwenda nje. Uamuzi huu ufanywe mapema, kwa sababu unabadilisha mahali pa kuweka mita na jinsi inveta itakavyoamriwa.

Hatua ya 1: Andika maswali, kisha chora

Watu wengi huanza kwa kuchora nyaya. Mimi huanza na karatasi ya maswali. Ninakaa na mwenye jengo na msimamizi, tunaandika kile ambacho jengo linahitaji kujua na kile linachohitaji kufanya. Kwa jengo letu la mfano yangekuwa hivi:

- Sasa hivi umeme unatoka wapi, na ni kW ngapi kutoka kila chanzo?
- Betri imebaki asilimia ngapi, na itatufikisha usiku hadi saa ngapi?
- Kila nyumba imetumia kWh ngapi mwezi huu?
- Pampu iruhusiwe kupiga maji lini, ili isile betri usiku?
- Jenereta iwake lini, na ikiwaka sola ifanye nini?

Maswali matano. Kila swali lifuatishwe na mambo matatu: kifaa kinachojua jibu, kifaa kinachohitaji jibu, na jibu linahitajika kila baada ya muda gani. Matumizi ya nyumba yakisomwa kila dakika 15 yanatosha kabisa. Nguvu inayopita kwenye mlango wa gridi, pale umeme wa Kenya Power unapoingia, inatakiwa kila sekunde, la sivyo inveta itachelewa na umeme utavuka nje. Tofauti hii ya muda ndiyo itakayokuambia ni vifaa gani viwekwe kwenye waya mmoja na vipi vitenganishwe. Ukishapata majibu, mchoro hujichora.

Hatua ya 2: Jua kila kifaa kinasema lugha gani

Itifaki, yaani lugha za vifaa, ni nyingi, lakini katika jengo la Nairobi utakutana na chache.

Modbus ndiyo utakayoikuta zaidi. Ilitolewa na kampuni ya Modicon mwaka 1979 na bado iko kwenye mita, inveta na vidhibiti vya jenereta. Ni lugha fupi: mwulizaji mmoja anauliza, mwenye anwani anajibu, wengine wananyamaza. Haielezi namba ina maana gani. Inakupa namba tupu. Kumbuka hilo, tutalirudia.

SunSpec ni Modbus iliyopewa kamusi. Inveta inayoifuata huanza ramani yake, yaani orodha ya namba zake, na herufi nne, SunS, kisha kila kitu kiko mahali panapojulikana. Ukiikuta, umepunguziwa kazi.

Betri za litiamu huzungumza na inveta kwa CAN, na wakati mwingine kwa RS-485; zote mbili ni njia za kupitisha data kwenye jozi ya nyaya. Mita mahiri za mashirika ya umeme hutumia DLMS/COSEM, ambako kila kipimo kina namba yake ya utambulisho, 1.8.0 ni jumla ya umeme ulioingia, 2.8.0 ni uliotoka. Chaja za magari ya umeme hutumia OCPP. Zikianza kuingia kwenye maegesho ya jengo lako, dai hiyo, usikubali chaja inayojua seva ya muuzaji wake tu.

Ng'ambo ya uzio wa jengo kuna lugha nyingine, kama IEC 61850 ndani ya vituo vya kupoozea umeme na IEC 60870-5-104 kati ya vituo hivyo na chumba cha udhibiti. Wewe hutazigusa, lakini ni vizuri kujua kwamba tatizo letu na lao ni moja. Kituo cha udhibiti cha taifa kilichoko Juja Road kinapaswa kuelewa mvuke wa Olkaria, upepo wa Ziwa Turkana na maji ya Mto Tana kwa wakati mmoja. Tangu Novemba 2022 kuna pia umeme wa Ethiopia, unaofika Suswa kutoka Sodo kwa njia ya DC (mkondo wa upande mmoja) ya kV 500 yenye urefu unaozidi km 1,000. Njia ya DC inaziacha gridi mbili zifanye biashara huku kila moja ikibaki na mdundo wake wa Hz 50. Hapo penye kuungana pana makubaliano mengi kuliko nguzo.

Hatua ya 3: Dai ramani ya rejista kabla ya kulipa

Uwe Luthuli Avenue au kwenye ghala la Industrial Area, swali ni hili: "Naomba ramani ya rejista za kifaa hiki." Rejista ni kisanduku cha kumbukumbu ndani ya kifaa kinachobeba namba moja; ramani ni hati inayosema kila namba iko wapi na ina maana gani. Muuzaji akikujibu, "Ina apu," hajakujibu. Apu inamwonyesha mtu picha kwenye simu; haikupi njia ya kuifanya inveta imsikilize jenereta.

Uliza mambo mawili zaidi. Je, kifaa kinajibu kwenye waya hata kama intaneti imekatika? Na je, kuna rejista zinazoruhusu kuandikwa, au ni za kusomwa tu? Inveta isiyokubali amri ya kupunguza nguvu kupitia waya haifai kwa jengo lenye jenereta, hata bei yake ikiwa nzuri namna gani.

Hati ikikosekana, usinunue. Nimeona mafundi hodari wakikaa usiku kucha wakikisia rejista moja moja, kazi ambayo barua pepe moja kabla ya malipo ingeimaliza.

Hatua ya 4: Waya

RS-485 inataka waya jozi iliyosokotwa, yenye ganda, ikipita kama mnyororo kutoka kifaa hadi kifaa. Usitoe matawi. Kiwango kinakubali hadi urefu wa mita 1,200 na vifaa 32 vya kawaida. Jengo letu halifiki huko, lakini shafti ya nyaya ina kebo za lifti, na lifti ina kelele. Pitisha waya wa data upande mwingine wa shafti, na ganda lake uliunganishe na ardhi upande mmoja tu.

Rezista ya omu 120 iwekwe kwenye ncha mbili za mnyororo, siyo katikati. Hapa kuna kipimo kimoja ninachokipenda sana. Zima vifaa vyote, weka multimita kati ya A na B. Ukisoma karibu omu 60, ncha zote mbili ziko sawa. Ukisoma 120, moja haipo. Ukisoma 40, kuna mtu ameacha ya tatu ikiwa imewashwa ndani ya kifaa fulani. Sekunde kumi, na umeokoa siku nzima.

Watengenezaji hawakubaliani ni waya upi wa kuitwa A na upi B. Kifaa kimoja kikinyamaza na vingine vinajibu, geuza nyaya zake mbili kabla ya kushuku kitu kingine, haitakiharibu. Kisha hakikisha kila kifaa kina anwani yake peke yake kati ya 1 na 247, na kwamba kasi na pariti (biti ya kukagua makosa) ni zilezile kwa wote.

Sasa rudi kwenye ile tofauti ya muda. Kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde, kuuliza mita moja rejista kumi na kupata jibu, pamoja na mita kutafakari, ni kama sehemu ya kumi ya sekunde, wakati mwingine zaidi. Mita 24 ni kama sekunde tatu. Kwa bili haina neno. Kwa mita ya mlango wa gridi inayomwongoza inveta, sekunde tatu ni nyingi mno. Kwa hiyo mita hiyo ipewe waya wake, moja kwa moja hadi kwenye inveta.

Betri nazo zina mtego wake. Tundu linafanana na la intaneti, kwa hiyo mtu huchukua kebo ya kawaida akachomeka. Lakini pini za CAN hazikai mahali pamoja kwa kila mtengenezaji. Fungua vitabu viwili, vya inveta na vya betri, tengeneza kebo kulingana navyo, na uipe kebo hiyo lebo ili asije mtu akaibadilisha na nyingine ya dukani.

Hatua ya 5: Maana ya namba

Hapa ndipo kazi ilipo. Washa laptopu, chukua kibadilishi cha USB kwenda RS-485, na usome kifaa kimoja tu. Usiende cha pili mpaka kila namba ya cha kwanza uwe umeilinganisha na kitu unachokiona kwa macho: kioo cha kifaa chenyewe, au multimita yako.

Makosa yanajirudia, kwa hiyo nitayataja kama ninavyoyakuta.

Kosa la hatua moja. Hati inasema rejista 40001, programu yako inataka anwani 0. Ukikosea hapo, kila kitu kinasogea hatua moja na unasoma volti za fezi ya pili ukidhani ni za kwanza. Kwa kuwa zote ziko karibu na 240, hutagundua. Jaribu na kipimo kisichofanana na jirani zake, kama masafa, yanayotakiwa kuwa karibu na 50.

Namba iliyokatwa vipande viwili. Rejista moja ina biti 16, kwa hiyo kipimo chenye desimali hugawanywa katika mbili. Mita ikitaka kusema volti 240, itatuma 17264 na 0. Ukiviunganisha kwa mpangilio huo unapata 240 kamili. Ukivigeuza, kwanza 0 kisha 17264, unapata namba ndogo kiasi kwamba kioo kitaandika 0.00, na utadhani mita imekufa. Haijafa. Tafuta kwenye programu mahali pa kugeuza mpangilio wa maneno, ugeuze, usome tena.

Hasi iliyovaa chanya. Betri inachajiwa kwa W 1,500, mtengenezaji ameamua kuchaji kuitwe hasi, na programu yako haijaambiwa namba hiyo inaweza kuwa hasi. Utaona 64036. Kila unapoona namba iliyo karibu na 65,000 mahali pasipostahili, toa 65,536 kwanza. 64036 ukitoa 65,536 ni hasi 1,500, na kitendawili kimeisha.

Kizio. Kifaa kimoja kinatoa 2405 kikimaanisha V 240.5, kingine kinatoa 240. Kimoja kinahesabu W, kingine kW, jenereta inazungumza kVA. Chagua kizio kimoja kwa jengo zima na ubadilishe kila namba inapoingia, mara moja tu, kwenye kompyuta ya kati, ile inayokusanya namba za vifaa vyote. Ubadilishaji ukifanywa sehemu tatu, siku moja utafanywa mara mbili juu ya namba ileile.

Na jina. Neno "mzigo" kwenye inveta moja ni umeme unaokwenda kwenye nyumba zilizo upande wa betri tu. Kwenye nyingine ni jengo zima. Andika kamusi yenu wenyewe, ukurasa mmoja, kwa Kiswahili kinachoeleweka na msimamizi: nguvu ya gridi ni chanya tunaponunua, hasi tunapotoa, nguvu ya betri ni chanya inapotoa, hasi inapochajiwa. Kila kifaa kitafsiriwe kwenda kwenye kamusi hiyo.

Hatua ya 6: Upande wa klampu

Nimeipa hatua yake kwa sababu ya jengo moja nililowahi kuitwa. Jua la Januari lilikuwa kali, paneli zilikuwa safi, lakini inveta ilikaa kimya na mwenye jengo alikuwa akilipa bili kamili. Alikuwa ameshaambiwa inveta imeharibika. Nilifungua bodi kuu nikapima kwa mkono: fezi ya kwanza kW 3, ya pili kW 8 kwa kuwa pampu ilikuwa huko, ya tatu kW 4. Jumla 15. Mita ilikuwa ikisoma hasi 1. Klampu (kipima mkondo kinachovishwa kwenye kebo) ya fezi ya pili ilivishwa kinyume, mshale ukitazama nyuma, kwa hiyo hesabu ikawa 3 kutoa 8 kuongeza 4. Inveta iliamini jengo linarudisha umeme kwenye gridi, nayo ikatii amri: ikajizima. Kifaa kilifanya hasa kilichoambiwa. Tulizima, tukageuza klampu, na kabla ya chai ya saa nne paneli zilikuwa zinabeba jengo.

Jaribio ni rahisi. Fanya jioni, sola ikiwa imelala. Chukua birika la umeme la W 2,000, lichomeke kwenye soketi ya fezi ya kwanza. Kusoma kwa fezi hiyo kupande karibu kW 2, na zisizohusika zisisogee. Rudia kwa ya pili na ya tatu. Ikipanda fezi isiyo yake, klampu na waya wake wa volti vyote viwili vimepelekwa fezi nyingine. Ikishuka karibu kW 2, klampu imegeuka; ikishuka karibu kW 1 tu, klampu na waya wa volti ni vya fezi tofauti. Ikipanda kW 4, uwiano wa CT, yaani klampu hiyo, umeandikwa vibaya, labda 200/5 badala ya 100/5.

Na tafadhali: nyaya za CT ya ampea 5 zisifunguliwe kamwe umeme unapopita kwenye kebo kuu. Volti inayozuka hapo inaweza kuua. Ziunganishe zenyewe kwa zenyewe kwanza, au zima.

Hatua ya 7: Saa

Vifaa vingi hufika vikiwa na saa ya kiwandani. Vilivyotengenezwa Uchina viko saa tano mbele yetu. Kilele cha sola hapa Nairobi ni kama saa sita na nusu mchana. Kwenye kumbukumbu kitaonekana saa kumi na moja na nusu jioni, na mtu atakaa mezani akipanga ratiba ya pampu kwa jua ambalo halipo. Kompyuta ya kati ichukue saa kutoka intaneti na iisambaze kwa wengine wote kila siku.

Kuna saa nyingine ambayo hakuna kiwango cha kimataifa kitakachoisahihisha. Daftari la jenereta huandikwa na askari wa lango. Anaandika "imewaka saa 3, imezimwa saa 5". Yeye anamaanisha saa tatu usiku. Karani ofisini anaingiza 03:00. Kisha mafuta hayalingani na kumbukumbu, na askari anashukiwa wizi. Mchorolee daftari safu ya "asubuhi, mchana, usiku", au mfundishe kunakili saa iliyo kwenye kioo cha jenereta. Nafanya hivi kila jengo sasa, kwa sababu riziki ya mtu isitegemee kosa la kusoma saa.

Hatua ya 8: Nani anaamuru

Kusoma kunaweza kufanywa na wengi. Kuandika kufanywe na mmoja. Mafahali wawili hawakai zizi moja, na hilo ni kweli kwa inveta na jenereta kuliko kwa ng'ombe. Andika kwenye meza: kila rejista inayoandikwa, na kifaa kimoja tu chenye ruhusa.

Jenereta ikiwa inafanya kazi, kompyuta ya kati iibane sola ili jenereta ibaki na mzigo wa kutosha. Watengenezaji wengi hutaka usipungue karibu asilimia 30 ya uwezo wake. Ikiachwa na mzigo mdogo, huchoma mafuta vibaya na kujaza masizi, na sola ikizidi kabisa, umeme unaisukuma jenereta kinyume.

Betri isimamiwe na ubongo wake yenyewe. Betri ya seli 16 za LiFePO4 (aina ya litiamu), V 51.2, volti yake hubadilika kidogo sana inapopungua, kiasi kwamba inveta ikikisia asilimia kwa volti itakosea sana. Iache betri iseme kiwango cha juu cha volti na ampea, inveta itii. Na hakikisha kazi ya kusawazisha, iliyowekwa kwa ajili ya betri za asidi, imezimwa.

Kabla ya kuruhusu kompyuta iandike amri kila sekunde, uliza kama rejista ile ni ya muda au huhifadhiwa kwenye kumbukumbu ya kudumu. Ile ya kudumu ina idadi ya kuandikwa, na ukiipiga mchana kutwa utaichosha mpaka ife.

Kisha swali ambalo karibu kila mtu hulisahau: mawasiliano yakikatika, kila kifaa kifanye nini? Jibu liandikwe ndani ya kifaa chenyewe, lisitegemee kompyuta. Inveta isiposikia mita ya gridi kwa sekunde chache, ishuke kwenye kiwango salama. Pampu irudi kwa floti ya tangi, kwa sababu wapangaji hawawezi kukosa maji eti seva imezima. Lifti isiwe ndani ya mfumo huu kabisa; isomwe tu.

Na mweleze mwenye jengo, kabla hajalalamika, kwamba inveta isiyo na upande wa akiba, yaani sehemu inayolisha jengo gridi ikipotea, hujizima stima ya Kenya Power ikipotea hata kama jua linawaka. Inafanya hivyo ili fundi aliye juu ya nguzo asipigwe na umeme unaotoka kwenye paa lako.

Hatua ya 9: Funga milango

Modbus haiulizi nywila. Yeyote aliye kwenye mtandao anaweza kuamuru. Kwa hiyo vifaa viwe na mtandao wao, mbali na Wi-Fi ya wapangaji, na mlango wa 502 usifunguliwe kwenye intaneti hata kwa saa moja. Badilisha nywila za kiwandani siku ileile unapowasha.

Hatua ya 10: Siku ya kuvunja

Chagua Jumapili asubuhi, watu wengi wakiwa kanisani au mapumzikoni, na uwape wapangaji taarifa siku tatu kabla. Kazi ya siku hiyo ni kuvunja kila kitu kwa makusudi ukiwa umesimama hapo.

Chomoa waya wa mita ya gridi, uangalie inveta inashuka. Zima breka kuu, uhesabu sekunde mpaka betri ibebe, kisha mpaka jenereta ishike. Washa pampu na lifti kwa pamoja jenereta ikiwa peke yake. Chomoa kebo ya betri. Zima kompyuta ya kati na uone kama maji bado yanapanda tangini. Kila jaribio liandikwe: tulitarajia nini, tumeona nini, sekunde ngapi. Lile lililoshindwa lirudiwe siku hiyohiyo. Usiahidi kurudi wiki ijayo.

Msimamizi awe nawe muda wote, na jaribio la mwisho alifanye yeye, wewe ukiwa umeweka mikono mfukoni. Siku moja atapigiwa simu usiku, "Stima imerudi lakini pampu imekataa," na wewe utakuwa Kitengela au usingizini.

Ukimaliza, chapisha nakala tatu za mchoro, kamusi ya namba, meza ya nani anaamuru na orodha ya anwani za vifaa. Moja ya mwenye jengo, moja ya msimamizi. Ya tatu itie kwenye plastiki na uibandike ndani ya mlango wa kabati la bodi kuu, juu kidogo ya usawa wa macho, kwa kuwa chumba cha chini hupata maji mvua za Aprili.